Njia Panda Isiyo na Kitambaa

"Jumatatu?" aliniuliza.

"Jumatatu."

"Na ulipanga kuniambia lini? Jumanne?"

Binti wa mwenye nyumba ya wageni alikuwa amechuchumaa nyuma ya baiskeli yake anapaka cheni mafuta, hata kichwa hajainua. Mimi nimesimama na pampu mkononi kama mtu aliyetumwa kitu akasahau ni nini. Tangu kuamka nilikuwa nalizunguka lile banda la baiskeli natafuta pa kuanzia. Mwisho nikaropoka tu. Ndivyo nilivyo, neno likinifika mdomoni halilali.

"Si nakwambia sasa hivi."

"Sasa hivi wageni wanavaa viatu, Kiguu. Sasa hivi ni saa ya kuniambia tairi gani halina upepo. Habari ya kuhama mtu hatoi kwenye banda."

"Sihami. Nimepata kazi. Kule ng'ambo ya milima wamefungua njia mpya ya baiskeli, ndefu mara tatu ya hii. Wanataka mtu wa kutangulia wageni."

"Na wewe umeshakubali."

Nilikuwa nimeshakubali tangu wiki iliyopita.

Akainua macho. Yale macho yake, jamani. Makubwa, matulivu, ya mtu asiye na haraka na dunia. Yakikutazama unajikuta unakagua vifungo vya shati lako. Siku nyingine nikitazamwa hivyo naweza kupanda kilima bila gia. Siku ile nilitamani ardhi ipasuke niingie na pampu yangu.

"Twende wote," nikasema.

"Twende wote wapi? Hii nyumba ya wageni nimwachie mama peke yake? Mashuka, jiko, watu wanaotaka maji ya moto kabla jogoo hajawika?"

"Atatafuta msichana wa kazi."

"Msichana wa kazi ndiye mimi." Akafuta mikono kwenye kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja. "Na leo wanakuja."

"Nani?"

"Mpima macho. Na shangazi yake. Wanakuja kuchukua jibu la posa."

Yule mpima macho nilikuwa nimemwona mara mbili. Ana duka la miwani mjini, ana gari, ana shati ambalo halijui jasho ni nini. Ana heshima, tena anacheka kwa adabu. Nilimtafutia ubaya nikakosa, na hilo ndilo lililokuwa linaniuma.

"Utamjibu nini?"

"Kwani una haraka gani ya kujua? Jumatatu si utakuwa huko ng'ambo ya milima?"

"Kiguu!" Mama yake akaita kutoka mlango wa jikoni. "Wageni wanakungoja nje, wewe unabembeleza baiskeli!"

Jina hilo ni yeye aliyenipa. Siku ya kwanza nilipofika kuomba kazi aliniuliza nimefanya kazi wapi, nikamtajia, na wapi tena, nikamtajia, na wapi tena, mpaka akainua mkono. "Basi, inatosha. Wewe ni kiguu na njia." Watu wakalikata, likabaki Kiguu. Shule niliiacha mapema, au tuseme tuliachana kwa amani, na tangu hapo sijawahi kukaa mahali mpaka wakanizoea. Hapa tu ndipo nilipokaa, kwa sababu ya huyo aliyekuwa amechuchumaa mbele yangu.

Mama naye hakuwa kipofu. Usiku mmoja nilimsikia anamwambia binti yake, dirisha likiwa wazi, "Sina ugomvi na mfuko wake. Nina ugomvi na miguu yake." Mume wake mwenyewe alitoka mlangoni siku moja, binti akiwa bado anatambaa, na mpaka leo hajabisha hodi.

Basi nikatoka kwenda kwa wageni bila kupata jibu langu.

Niwaeleze kazi yetu ilivyokuwa, maana bila hiyo hamtaelewa kosa nililofanya.

Zamani kulikuwa na reli inayozunguka vile vilima. Treni ikafa, vyuma vikang'olewa, ikabaki njia ya changarawe inayopita kwenye mashamba, juu ya daraja la mawe, ndani ya handaki moja fupi lenye baridi. Panapoingilika wameweka mawe makubwa ili gari lisipite. Hakuna honi, hakuna moshi. Unasikia tairi lako na pumzi yako basi. Wageni wanakuja kutoka mbali kwa ajili ya hilo tu, kuendesha siku nzima bila kuogopa lori mgongoni.

Mimi natangulia. Yeye anafunga msafara. Wageni wako katikati, wenye nguvu wananifuata mimi, wavivu na wapiga picha wanabaki na yeye. Ndiyo maana wageni wakamzoesha jina la Mkia, na yeye halimchukizi. Njia ina njia panda nyingi, vijia vya mashambani vinavyofanana kama mapacha. Kila njia panda kuna kigingi cha mbao, mimi nafunga kitambaa chekundu upande wa kwenda. Yeye akipita wa mwisho anakifungua. Na sheria yetu ni moja: kama kwenye njia panda hakuna kitambaa, mkia haubahatishi. Mkia unasimama palepale na wageni wake, mpaka kichwa kirudi.

Kwa hiyo tulikuwa tunashinda njia moja kutwa nzima bila kuonana. Mimi mbele, yeye nyuma, na katikati yetu vitambaa.

Siku ile niliendesha kama ninayefukuzwa.

"Kijana, kuna zawadi huko mbele?" mgeni mmoja akanipigia kelele, mbavu zinampanda na kushuka.

"Kuna chakula!"

"Chakula si kinangoja?"

Kila njia panda nilikuwa naruka chini, nafunga kitambaa, nakaza, naruka juu tena. Kichwani namwona mpima macho ameketi barazani na kikombe mkononi, kidole kidogo amekinyanyua. Namwona yeye anamtilia chai. Nikakanyaga pedeli. Namwona amevaa gauni la buluu, lile analovaa siku ambazo haendeshi. Nikakanyaga zaidi. Jumatatu, kila nilipoiwaza, ilikuwa inawasha mwilini kama upupu. Nataka kuondoka, nataka kubaki, nataka aje, nataka aniambie niende zangu. Ungeniuliza dakika ile ninataka nini hasa ningekupa majibu manne na yote ningeapia.

Tukapanda kile kilima kirefu tunachokiita Mama Mkwe, kwa sababu hukipiti bila kuinamisha kichwa. Juu kabisa kuna njia panda, kushoto ni nyumbani, kulia ni machungani. Pale ndipo mteremko unapoanza, na mimi mteremko ni ugonjwa wangu. Nikaachia breki. Upepo ukaniziba masikio, wageni nyuma yangu wanapiga vigelegele kama watoto. Kwa mara ya kwanza siku ile nilisahau kila kitu, mpaka tukaingia uani kwa kishindo.

Gari la mpima macho lilikuwa limeshafika.

Yeye na shangazi yake walikuwa barazani. Akanyanyuka, akanipa mkono. "Habari za njia, kaka?"

"Nzuri."

"Binti yuko nyuma?"

"Kazi yake iko nyuma," nikamjibu, na nikasikia mwenyewe lilivyotoka vibaya. Hakukasirika. Alitabasamu. Mungu anisamehe, nilitamani angekasirika.

Wageni wakanawa, wakapewa sahani. Wa nyuma wakaanza kuingia mmoja mmoja, kila mtu akifuata vumbi la aliyemtangulia. Kisha hakuingia mtu tena. Nikahesabu baiskeli, zimepungua mbili: yake, na ya yule bibi mwalimu mstaafu ambaye goti lake moja halipendi vilima.

Chai ikanywewa. Shangazi akaulizia choo, akaenda, akarudi. Mama akatoka jikoni na taulo begani.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Anakuja na bibi mwalimu. Wako polepole."

"Polepole gani hii? Watu wamekuja kutoka mjini wamekaa."

Jasho likanitoka upya. Nikatia mkono mfukoni nitoe leso nijifute. Kikatoka kitambaa chekundu.

Nilikitazama kama nyoka. Asubuhi huwa nahesabu vitambaa sawasawa na njia panda, na mfuko wa anayetangulia lazima urudi mtupu. Nikairudia njia kichwani, kituo kwa kituo. Handaki, nilifunga. Daraja, nilifunga. Kwa mfuga nyuki, nilifunga. Mama Mkwe, juu kabisa, pale mteremko unapoanza...

"Mama," nikasema, "wako juu. Sikufunga kitambaa."

Mama akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Mtoto huyu amezaliwa kwenye vilima hivi. Njia hii anaijua akiwa amefumba macho. Kitambaa cha nini? Atakuja."

"Kama angekuja angekuwa ameshakuja."

"Tumfuate na gari?" mpima macho akauliza, funguo tayari mkononi. Kwa kweli alikuwa mtu mwema.

"Gari halipiti. Kuna mawe."

"Basi mtafanyaje?"

Nilikuwa nimeshapanda baiskeli.

Sasa sikilizeni. Mama Mkwe anapandwa upande wa kule, ambako reli ililazwa kwa mzunguko. Upande wa huku, ule tunaoteremka kwa njia ya mkato, hapandi mtu. Changarawe inakimbia chini ya tairi, unakanyaga hatua moja unarudi nusu. Na mimi kurudi nilikotoka ni kitu sijawahi kukipenda. Hata nikisahau kofia mahali, nanunua nyingine. Nilipanda nusu juu ya tandiko, nusu nikisukuma, natukana cheni, natukana kilima, najitukana mwenyewe kwa majina ambayo mama yangu hakunipa.

Nikawakuta wamekaa kwenye majani pembeni ya njia panda. Bibi mwalimu anamenya chungwa. Yeye amekumbatia magoti, baiskeli imelala kando, vumbi usoni, na mashavuni vumbi limechorwa mistari miwili.

"Haya, kichwa kimepatikana," bibi mwalimu akasema. "Kijana, hii sheria yenu ya kitambaa ni ya Mungu au ya binadamu? Maana nimemwambia huyu mtoto twende, nyumba si ile paa lake linaonekana? Amenigomea."

"Ni ya binadamu, bibi. Nisamehe."

"Usiniombe msamaha mimi, mimi nina chungwa." Akanyanyuka, akashika goti lake. "Naona ng'ombe wale wazuri. Naenda kuwaangalia. Nitawaangalia sana." Akaenda, hata nyuma hakugeuka.

Nikasimama. Nikaiegemeza baiskeli kwenye kigingi.

"Unaijua njia kuliko mimi," nikasema mwisho. "Kwa nini hukushuka?"

"Pasipo na kitambaa mkia unakaa."

"Acha mambo hayo. Watu wamekaa barazani wanakungoja."

"Najua. Gari nimeliona uani."

"Sasa?"

"Sasa nini? Unajua mimi nakujua wewe kwa kitu gani, Kiguu? Kwa sura? Sura yako naiona asubuhi na jioni kama mgeni mwingine yeyote. Kutwa nzima nakujua kwa mafundo. Ukiwa na furaha unafunga kama kamba ya kiatu, navuta kidogo kimefunguka. Ukiwa na njaa unafunga ovyo, nakikuta kimeanguka chini. Ukikasirika unafunga fundo ambalo lazima nitumie meno. Leo tangu asubuhi natafuna vitambaa. Nikasema sawa, amekasirika, lakini yupo. Halafu nafika hapa." Akanyoosha mkono kuelekea kile kigingi cha mbao, kitupu. "Hakuna kitu. Nikasema, huyu ameshaondoka. Hakuweza kuisubiri hata hiyo Jumatatu yake."

"Nilisahau. Wallahi nilisahau tu."

"Hilo ndilo ninalokwambia."

Nikaketi kwenye changarawe, palepale.

"Ungekaa mpaka lini?"

"Mpaka urudi."

"Na kama nisingerudi? Kama ningemtuma mtu?"

"Ningeshuka, ningeoga, ningevaa gauni la buluu, na mpima macho angepata jibu lake." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Sikuwa nakutega, usinitazame hivyo. Nilifika hapa na mimi miguu ikagoma. Nikawaza, njia hii tumeendesha mvua na jua, na sijawahi hata siku moja kumwona mtu huyu anakuja upande wangu. Kila siku anakwenda. Nikataka kuona sura yako ikiwa inakuja."

Nilitaka kuruka, kukimbia, kupiga kelele kwenye lile bonde. Nikabaki chini nimeshika kitambaa.

"Inakuaje? Hiyo sura."

"Imejaa makamasi," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. Kicheko kikakatika njiani. "Jumatatu utaondoka?"

Hapo ningeweza kudanganya. Ulimi ulikuwa umeshajipanga.

"Nitaondoka," nikasema. "Nikibaki kwa sababu naogopa kukupoteza, kufika mwezi wa pili nitakuwa nakuchukia wewe, na mama, na hivi vilima. Najijua. Nikiona njia sijui inaishia wapi, silali. Lakini leo nimepanda huku kinyume, changarawe yote ile, na sikuwa nawaza kitu kingine isipokuwa kama utakuwepo. Hiyo nayo sikujua kama ninayo."

Alinitazama muda mrefu. Nikayaacha macho yake yanikague yanavyotaka, sikugusa kifungo. Kisha akanyanyuka, akaninyang'anya kitambaa, akakitia mfukoni kwake.

"Twende. Usiseme neno mpaka nimalize ya kwangu."

Tulishuka watu watatu, bibi mwalimu katikati, breki zake zinalia njia nzima kama mbuzi.

Barazani walinyanyuka wote. Shangazi wa mpima macho akamtazama, vumbi, suruali ya baiskeli, mistari ile miwili mashavuni. "Mwanangu, umetoka vitani?"

"Shikamoo shangazi. Naomba mnisamehe kuwaweka." Akamgeukia mpima macho, akasimama mbele yake wima. "Wewe ni mtu mzuri. Umekuja kwa heshima, na mimi nakujibu kwa heshima, mwenyewe, nisimtume mama. Moyo wangu hauko kwako. Ningekubali ningekuwa nakuibia."

Wageni wenye sahani zao waliacha kutafuna. Mpima macho akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Uko kwa huyu?" akauliza, akinionyesha kwa kidevu.

"Ndiyo."

Akanitazama, grisi mpaka kiwikoni, goti limechanika. "Basi nimeshindwa na baiskeli," akasema taratibu. "Shangazi, twende. Giza lisitukute barabarani."

Gari lilipotoka uani, mama alikuwa bado amesimama na taulo begani. Hakumwangalia binti yake. Alinijia mimi, karibu, mpaka nikasikia harufu ya kitunguu mikononi mwake.

"Nasikia umepata kazi ng'ambo ya milima."

Sikujua nani amemwambia. Kwenye nyumba ya wageni kuta zina masikio, na milango ina midomo.

"Ndiyo, mama."

"Utakwenda?"

Binti yake akanikazia macho kutoka nyuma ya bega la mama. Nilijua jibu ambalo mzazi yeyote anataka kulisikia.

"Nitakwenda, mama. Jumatatu. Mvua kubwa zikianza njia ile inafungwa, na siku inayofungwa mimi nipo barabarani narudi huku. Siwezi kukuahidi kwamba nitatulia. Nikikuahidi hilo nitakuwa nakudanganya."

Nikangoja taulo linichape usoni. Mama akalitoa begani, akalikunja mara mbili, akakaa kwenye kiti alichoacha mpima macho.

"Baba yake nilimuuliza swali hilihili," akasema. "Alishika mikono yangu yote miwili. Akaniapia kwamba haendi popote, kwamba hata akifa azikwe hapa uani. Kiapo kizuri, mpaka nililia." Akamgeukia binti yake. "Angekwambia haendi, huyu, ningemfukuza leo kabla hajala."

"Mama..."

"Sijasema nimempenda. Nimesema ale."

Akaingia jikoni, akaanza kugongagonga masufuria kwa nguvu kuliko inavyotakiwa.

Yeye akanisogelea. Mkono wangu ulikuwa mweusi, unanuka cheni na jasho. Akaushika hivyohivyo, mbele ya wageni, mbele ya bibi mwalimu aliyejifanya anahesabu madirisha. Vidole vyake vilikuwa na alama nyekundu za kufungua mafundo yangu.

Nikasimama pale, mimi ambaye maisha yangu yote nimekuwa naisukuma siku iishe nione ya kesho, na ile Jumatatu niliyoitamani kwa wiki nzima nikaanza kuiombea ichelewe.